"Rudisha" moja haitoshi

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu za elimu nazifuatilia, na wanafunzi wangu wa jioni hapa Chumbageni, Tanga, huzikata na kuzibandika kwenye madaftari yao. Ndiyo sababu naandika. Orodha mliyoitoa ya vitenzi vya Kiingereza vyenye maneno mawili, vile vya kupeana na kubadilishana vitu, imewapa vijana maana moja ya Kiswahili kwa kila kitenzi, basi. "Give back" ni rudisha. "Take back" ni rudisha. "Bring back" ni rudisha. "Pay back" nayo rudisha. Kijana akishakariri hivyo anaona vyote ni mamoja, na anatumia chochote kitakachotangulia kumjia mdomoni.

Si mamoja, na tofauti yake inaleta ugomvi wa hela. Juzi nilikuwa Ngamiani kwenye duka la vifaa vya simu, nasubiri kubadilishiwa kioo. Akaingia mgeni na chaja aliyoinunua asubuhi, haikai sawasawa kwenye simu yake. Muuzaji, binti mchangamfu asiyeogopa kuongea, akamwambia: "No problem, I will give you back." Alikusudia kusema usijali, nitakubadilishia. Mgeni akaelewa anarudishiwa pesa. Akaiweka chaja juu ya kaunta, akakinga mkono kusubiri shilingi 15,000 zake. Binti akamletea chaja nyingine. Mgeni akakataa, kwamba ameshaahidiwa hela. Binti akamwonyesha kibao ukutani, "Mali ikishauzwa hairudishwi", Kiswahili kitupu. Sauti zikapanda, watu wakajaa mlangoni, na wengi wakaondoka wakiamini mgeni yule ni mkorofi. Hakuwa mkorofi, wala binti hakuwa tapeli. Angesema "I'll swap it for another one", maneno yangeishia pale pale.

Tatizo halianzii kwa binti yule. Kiswahili hubeba mambo mengi ndani ya kitenzi chenyewe: rudisha, rudishia, rudishiana, rudishiwa. Ukisikia tu mwisho wa neno unajua kama kuna anayefanyiwa na kama jambo ni la pande mbili. Kiingereza kinahangaika na kingine: kitu kiko mikononi mwa nani sasa hivi, na msemaji amesimama wapi. "Give it back" anaambiwa aliyekishika kitu cha mtu, akitoe kiende kwa mwenyewe. "Bring it back" husemwa na yule aliye mahali kitu kinakokuja. Mwenye duka anamwambia mteja "bring it back tomorrow". Mteja huyo huyo akifika nyumbani Makorora anamwambia mkewe "I'll take it back tomorrow". Safari ni moja na chaja ni ile ile, ila kila mmoja anaitazama kutokea alipo. Halafu "take back" ina upande wa pili ambao orodha yenu haikuugusa kabisa: duka likikubali kuipokea bidhaa, nalo linasemwa "the shop took it back". Kwa hiyo mteja "takes it back" na duka "takes it back", na maana hujulikana kwa kuangalia nani anatajwa mwanzo wa sentensi.

Kuazima ndiko kunakowasumbua zaidi. Kwetu mtu husema "nimeazima kalamu kwa Juma" na pia "Juma, niazime kalamu", kitenzi kile kile, na hakuna anayepotea. Kiingereza kimegawa kazi: anayetoa "lends", anayepokea "borrows". "Borrow me your pen" inayosikika kila darasa la sekondari ni Kiswahili safi kilichovalishwa maneno ya Kiingereza. Sioni sababu ya kumcheka mtoto anayesema hivyo. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na katikati hapo hakuna aliyemkalisha akamwonyesha kwamba lugha hizi mbili zinahesabu kupeana kwa njia tofauti.

Kuna kundi la "hand" ambalo kwa mji wetu wa leo lina uzito wake. Bandari ipo, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Vijana wanaopata vibarua na ajira huko wanakutana na karatasi za zamu zilizoandikwa "hand over". Hiyo ni kukabidhi: unatoa kitu pamoja na dhamana yake, na kuanzia hapo kikipotea anaulizwa aliyepokea. "Hand in" ni kuwasilisha kwa aliye juu yako, kama mwanafunzi na daftari lake au mlinzi na ripoti yake. Wamarekani hupenda kusema "turn in". "Hand out" ni mmoja anawagawia wengi. "Hand down" ni cha mzazi kwenda kwa mtoto. Mlinzi akiandika "I handed out the keys" badala ya "I handed over the keys", msimamizi anasoma kwamba funguo zimegawiwa watu. Hilo si kosa dogo.

Akina mama wa vikundi vya kukopeshana wanaosoma kwangu waliishika haraka tofauti ya "pay back" na "pay off", pengine kwa kuwa wanaiishi. Kila wanaporejesha kiasi wanachodaiwa, hiyo ni "pay back". Siku deni linapokwisha kabisa, hiyo ni "pay off".

Kwenye kubadilishana kwenyewe, naomba mtenganishe "swap" na "trade in". Marafiki wawili wakipeana simu, hiyo ni "swap". "Trade in" ni ile ya dukani: unampa muuzaji simu yako ya zamani, anaihesabu kama sehemu ya bei, unaongeza hela, unaondoka na mpya. Na angalieni "for" inakaa wapi. "I exchanged the blue shirt for the red one": ya bluu imetoka, nyekundu imeingia. Lakini kwa matumizi yaliyozoeleka, "substitute" huenda kinyume. Mpishi wa hoteli kule Raskazone akisoma "substitute coconut milk for cream" anatakiwa aweke tui na aache krimu. Akiisoma kwa mazoea ya "exchange" atafanya kinyume chake, na chakula kitakuwa kingine.

Jambo la mpangilio nilitegemea lingekuwa juu kabisa ya orodha yenu, na halimo. Ukitaja kitu kwa jina, unaweza kusema "give back the key" au "give the key back", zote sawa. Ukitumia "it" au "them", lazima ikae katikati: "give it back", "hand them over", "trade it in". "Give back it" haikubaliki. Mwanafunzi hawezi kuligundua hili kwa kukariri maana peke yake.

Darasani kwangu vitenzi hivi hatuviandiki ubaoni kwanza. Wanafunzi wawili wanasimama na funguo moja. Mmoja anaitoa, mwingine anaipokea, na kila mmoja anasema sentensi yake kutokea upande wake. Kisha wanabadilishana nafasi, funguo ile ile. Wa tatu anasimama mlangoni kama mwenye duka, na hapo "bring" na "take" zinajitenga zenyewe. Walimu wenzangu wa sekondari wanalalamika kwamba vipindi havitoshi, na nawaelewa, ila zoezi hili linahitaji dakika chache tu na funguo ya mtu yeyote.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni kuichapisha upya orodha ile, kila kitenzi kikiwa na sentensi mbili, moja ya anayetoa na nyingine ya anayepokea, na moja kati ya hizo iwe na "it" katikati. Kama ukurasa ni mdogo, anzeni na hivi sita: "give back", "take back", "bring back", "hand over", "pay back" na "trade in". Vingine vinaweza kusubiri toleo linalofuata.

Wenu,
Mwalimu wa masomo ya jioni,
Chumbageni, Tanga