Waneandathali Walikuwa Jamaa Zetu

Mhariri,

Makala yenu ya karibuni kuhusu watu wa kale ilieleza kwamba binadamu wa aina yetu walipofika Ulaya waliwaua Waneandathali, jamii nyingine ya binadamu wa kale iliyoishi huko kabla yao, hadi wakaisha. Naomba nafasi niipinge kauli hiyo, kwa kuwa ushahidi wa mauaji hayo ni haba, ilhali ushahidi kwamba jamii hizo mbili zilizaa pamoja, tena zaidi ya mara moja, ni mwingi.

Tangu mwaka 2010, mwanasayansi wa vinasaba Svante Pääbo na wenzake walipochapisha vinasaba vya Waneandathali, imejulikana kwamba watu wenye asili ya nje ya Afrika wamerithi kwao takriban asilimia 2 ya vinasaba vyao. Taya lililopatikana katika pango la Oase nchini Romania, lenye umri wa miaka kama 40,000, ni la mtu wa aina yetu ambaye mhenga wake wa vizazi vinne hadi sita nyuma alikuwa Mneandathali, yaani huenda babu wa babu yake. Kule Siberia, katika pango la Denisova, kipande cha mfupa wa msichana aliyeishi miaka kama 90,000 iliyopita kilionyesha kuwa mama yake alikuwa Mneandathali na baba yake Mdenisova, jamii nyingine ambayo damu yake ingalipo Papua New Guinea. Kwa watu wanaodaiwa kujua kuchinjana tu, huo ni ukwe wa ajabu.

Sikatai kwamba ugomvi ulikuwapo. Hata hivyo Waneandathali walikuwa wachache na walitawanyika katika vikundi vidogo, na jamii ya namna hiyo huweza kumezwa na jamii kubwa bila mkuki kurushwa. Mchoro wenu wa jitu lenye manyoya na rungu nao haukuwatendea haki: walizika baadhi ya maiti zao, kama walivyofanya watu wa aina yetu katika pango la Panga ya Saidi, humu kaunti ya Kilifi, walipomzika mtoto mdogo miaka 78,000 iliyopita.

Tena makala iliandikwa kana kwamba habari hii ni ya Wazungu peke yao. Wengi wetu hapa Malindi, na ndugu zetu wa Lamu, tuna wazee waliotoka Uajemi na Uarabuni, kwa hiyo sehemu ndogo ya urithi wa Waneandathali imo miilini mwetu pia. Naomba masahihisho yachapishwe katika toleo lijalo.

Msomaji wenu,
Malindi