Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: gari la Buhongwa lifike Buhongwa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima nakusalimu, na bila kukupotezea muda naingia kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mimi ni abiria wa daladala katika jiji hili, sina gari wala pikipiki, na shughuli zangu zote, kuanzia kazini hadi sokoni na hospitalini, zinategemea magari yanayopita barabara za Kenyatta, Nyerere na Makongoro. Kero za usafiri huu ni nyingi na nyingine tumekwisha kuzizoea, lakini iko moja ambayo naamini hatupaswi kuizoea, nayo ni kukatisha ruti. Gari lenye leseni ya kwenda Buhongwa linashusha watu wote Nyegezi na kugeuza kurudi mjini, la Kisesa linaishia Igoma, na abiria ambaye amekwisha kulipa nauli ya safari nzima anaachwa barabarani atafute gari lingine na kulipa upya.

Nimeona nikuandikie wewe, Mheshimiwa, na si mkurugenzi wa halmashauri moja, kwa sababu ruti zetu hazifuati mipaka ya halmashauri. Abiria anayetoka mjini kwenda Kisesa anaanzia Nyamagana, akifika Buzuruga na Nyakato yuko Ilemela, Igoma anarudi Nyamagana, na anapomaliza safari yake yuko Wilaya ya Magu. Katika safari hiyo moja amepita kwenye maeneo ya Halmashauri ya Jiji, ya Manispaa na ya Wilaya, na pamoja na hizo ipo LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, inayotoa leseni na kupanga nauli, na lipo Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani. Ofisi inayoweza kuwaita wote hao wakakaa meza moja ni yako.

Asubuhi tatizo hili ni dogo, kwa kuwa watu wa pembezoni wote wanaelekea mjini na gari lazima likaanzie huko mwisho ili lijaze. Jioni ndipo mambo yanapogeuka. Kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, mjini kuna umati, na dereva anajua kwamba kipande cha kutoka mjini hadi Nyegezi kina watu wa kupanda na kushuka njia nzima, ilhali kuanzia Nyegezi kupita Mkolani hadi Buhongwa watu wanashuka tu, na akifika mwisho atarudi na viti vitupu. Kwa hiyo anakata. Anafanya safari mbili fupi zilizojaa katika muda ambao angefanya moja ndefu, na walioachwa ni wale wale waliomjazia gari.

Hali yenyewe huwa hivi. Konda anasimama mlangoni akigonganisha sarafu mkononi na kuita, "Buhongwa, Buhongwa moja kwa moja!" Watu wanagombania mlango, na mama aliyetoka na ndoo ya dagaa soko la Mwaloni anaambiwa ndoo ataipakata na alipie mzigo. Nauli inakusanywa mapema, kabla gari halijavuka Mkuyuni. Tukifika Nyegezi gari linaingia pembeni, taa ya ndani inawashwa, na konda anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wa Buhongwa shukeni hapa, gari bovu." Dereva hajashuka hata kuangalia tairi. Abiria anayedai sehemu ya nauli yake anarudishiwa mia mbili, au hapewi kitu, na kabla wa mwisho hajakanyaga chini vizuri, gari lile lile lililodaiwa kuwa bovu limekwisha kugeuza na konda anaita abiria wa mjini. Mama wa dagaa anabaki na ndoo yake kando ya barabara, gizani, katika kundi la watu ambao wote watagombania gari lifuatalo, nalo likifika limejaa tangu lilikotoka. Bodaboda haiwezi kumfikisha nyumbani kwa bei ya daladala, na kwa mzigo ule si salama kwake kupanda.

LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, nauli ya daladala za mijini kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 hadi 600, na ya mwanafunzi ikabaki 200. Wengi wetu tuliipokea nauli ile, kwa sababu bei ya mafuta ilikuwa imepanda na kila mtu aliiona. Lakini nauli hutangazwa kwa safari inayokamilika. Safari ikikatwa vipande viwili na kila kipande kikalipiwa shilingi 600, mtu yule yule kwa njia ile ile ametoa 1,200, na ongezeko hilo halikupita kwenye kikao chochote cha wadau wala halikutangazwa na mamlaka yoyote. Limeamuliwa na konda pale kituoni. Kwa kibarua wa ujenzi anayelipwa kwa siku, au kwa binti anayeuza duka la mtu, hiyo ndiyo fedha ya mboga ya jioni.

Kwa mwanafunzi hali ni mbaya zaidi, na hapa naomba nikae kidogo. Kiti kimoja akikalia mtu mzima kinaleta 600, akikalia mwanafunzi kinaleta 200, na hesabu hiyo konda anaifanya kichwani kila gari linaposimama. Ndiyo maana tunaona mkono ukizuia mlango na kusikia, "Wanafunzi wawili tu!" wakati watoto kumi wamesimama na mabegi mgongoni. Mtoto aliyebahatika kupanda mjini, akishushwa Nyegezi, anahitaji bahati hiyo mara ya pili huku usiku umekwisha kuingia, na ile mia mbili ya pili huenda hanayo. Nimewaona watoto wenye sare wakianza kutembea kutoka Nyegezi kuelekea Mkolani pembezoni mwa barabara kuu ya Shinyanga, ambako malori na mabasi ya mikoani yanapita kwa kasi. Wengine wanakubali lifti kwa watu wasiowajua. Mzazi aliyeko nyumbani saa mbili usiku akimsubiri binti yake wa kidato cha pili hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, Mheshimiwa, sikuandikii ili makonda na madereva wakamatwe kisha mambo yaishie hapo. Kwa kupanda magari yao kila siku nimewasikiliza, na ninaamini chanzo cha jambo hili ni hesabu. Dereva anakabidhiwa gari asubuhi kwa makubaliano ya mdomo kwamba jioni atapeleka kwa tajiri, yaani mwenye gari, kiasi fulani, gari likipata abiria au lisipate. Humo humo atoe fedha ya mafuta, ushuru wa stendi, ya kuosha gari na ya kuziba pancha, na kinachobaki baada ya hayo yote ndicho atakachogawana na konda wake. Foleni ikikaza, au mvua ikanyesha mchana na watu wakabaki majumbani, hesabu haipungui. Ikifika saa kumi na moja jioni na fedha ya tajiri bado haijatimia, zile saa chache zilizobaki ndizo za kuokoa siku, na njia iliyo karibu zaidi ya kuiokoa ni kuwatupa watu wa Buhongwa pale Nyegezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiriwa apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Dereva wa daladala anayetoa gari saa kumi na moja alfajiri na kulilaza saa tatu usiku amekaa kwenye usukani karibu mara mbili ya saa hizo, na wengi niliozungumza nao hawajawahi kushika mkataba wenye saini ya mwenye gari. Mtu aliyechoka namna hiyo, anayedaiwa namna hiyo, ndiye tunayemkabidhi watoto wetu.

Kwa sababu hiyo faini peke yake haijawahi kututoa hapa tulipo. Askari wakisimama barabarani wiki hii, magari yanafika mwisho wa ruti wiki hii. Wakiondoka, tunarudi kule kule, na faini aliyotozwa dereva inaongezwa kwenye deni la siku yake, deni ambalo hatimaye analilipa abiria. Mwenye gari, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye leseni, habari hizi hazimfikii kabisa. Ningependa zimfikie. Ofisi yako ikiwaita wamiliki wa magari ya ruti ndefu pamoja na LATRA na maofisa wa kazi, na kuwaambia kwamba leseni ya Buhongwa ni ahadi ya kufika Buhongwa na kwamba gari linalokatisha ruti mara kwa mara litahesabiwa kwa mmiliki wakati wa kuhuisha leseni, nadhani mazungumzo kati ya tajiri na dereva wake kuhusu hesabu ya jioni yatabadilika haraka kuliko kwa faini yoyote.

Liko pia suala la kufaulisha. Magari huharibika kweli, na hakuna abiria mwenye akili anayelalamikia hilo. Kwa mabasi ya mikoani tunajua utaratibu: basi likiharibika, wenye basi wanawajibika kuwafaulisha abiria kwenye gari lingine bila abiria kutoa fedha tena. Konda wa daladala naye aliyekwisha kukusanya nauli na akadai gari ni bovu awafaulishe watu wake na amlipe konda wa gari la pili, na asiyefanya hivyo ahesabiwe kuwa amekatisha ruti. Utaratibu huo ukiandikwa ndani ya gari, karibu na mlango, pamoja na jina la ruti, nauli ya mtu mzima na ya mwanafunzi, na namba ya kupiga bure, abiria atakuwa na kitu cha kunyooshea kidole badala ya kubaki kubishana.

Tena LATRA tayari inatumia mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ya mikoani kwa vifaa vinavyofungwa kwenye magari, na kwa mfumo huo basi lililoko mbali linaonekana mwendo wake na mahali lilipo. Sioni sababu ya kifaa kama hicho kushindwa kuonyesha kama daladala ilifika Kisesa au iligeuzia Igoma, angalau kwa kuanza na magari machache ya ruti zinazolalamikiwa zaidi. Na kwa kuwa uhitaji wa mjini hadi Nyegezi, na wa mjini hadi Igoma, ni mkubwa kweli wakati wa jioni, yaongezwe magari yenye leseni za ruti fupi kwa saa hizo, yakiwa na rangi na maandishi yanayoonekana wazi, ili dereva wa ruti ndefu asiwe na kishawishi na abiria wa karibu naye asikose gari.

Nasema haya nikitambua yaliyofanyika. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na mtu wa Sengerema ambaye zamani aliisubiri feri kwa muda mrefu sasa anavuka Ghuba ya Mwanza ndani ya dakika chache juu ya daraja la kilomita 3. Tumepata stendi kubwa za mabasi Nyegezi na Nyamhongolo. Lakini stendi hizo ziko nje ya katikati ya jiji, na maana yake ni kwamba msafiri aliyeteremka hapo na mizigo yake anadaiwa safari nyingine ya daladala kabla hajafika anakokwenda, kwa hiyo kadiri tunavyojenga miundombinu mizuri pembezoni ndivyo tunavyozidi kuitegemea Hiace iliyochakaa ya konda na dereva wasio na mkataba. Wilaya za Nyamagana na Ilemela peke yake zilikuwa na watu zaidi ya milioni moja katika Sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya viwanja vinavyouzwa na nyumba zinazojengwa sasa ziko huko huko ruti zinakokatwa. Watu wamehamia Buhongwa na Kisesa kwa sababu huko ndiko walikoweza kupata kiwanja, wala hawaombi mabasi ya mwendokasi kama ya Dar es Salaam. Wanaomba gari walilolipia liwafikishe.

Kama katika haya yote itawezekana kuanza na moja tu, naomba lianze daftari la jioni: mtu mmoja mwenye kitambulisho awekwe kwenye kituo cha mwisho cha Buhongwa na mwingine Kisesa, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku siku za kazi, aandike namba ya kila gari la ruti hiyo linalofika na saa lilipofika. Jambo hilo halihitaji bajeti kubwa. Daftari hilo likilinganishwa na orodha ya leseni litaonyesha wazi magari yasiyoonekana mwisho wa ruti, na naomba orodha ya mwezi wa kwanza ibandikwe stendi ya Nyegezi na pale Igoma, ili abiria na wamiliki waisome kabla ya kikao chako nao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Abiria wa ruti ya Buhongwa,
Mwanza