Bando likikata ramani haifi

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niseme hili jambo la kutafuta njia kwa ramani ya simu, maana naona watu wengi wanalichanganya. Mtu yuko njiani anakwenda asikokujua, bando linamkatikia, basi anaona mambo yameharibika, simu anaitia mfukoni na kuanza kuuliza kila anayepita. Kuuliza si ujinga, sawa, ila simu yenyewe bado ilikuwa inajua ipo wapi!

Kile kidoti cha bluu kinachoonyesha ulipo kwenye ramani hakitegemei intaneti jamani. Simu inasikiliza setilaiti za GPS zilizoko huko juu kama kilomita 20,200, kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo, simu inapiga hesabu mawimbi yametumia muda gani kufika, ikizipata nne inajua umesimama wapi. Inapokea tu, na haili hata MB moja. Kinachokula bando ni ramani yenyewe, yaani barabara na majina na habari za foleni, ndio maana data ikiisha unaona kidoti kinatembea peke yake kwenye ukurasa mtupu wa kijivu. Kweli bila data kinaweza kuchelewa kutokea mwanzoni, kwa sababu intaneti huwa inaisaidia simu kujua setilaiti ziko upande gani, lakini ukisimama sehemu ya wazi ukavuta subira kinatokea.

Kwa hiyo ramani unaipakua mapema ukiwa kwenye waifai. Kwenye Google Maps gusa picha ya akaunti yako pale juu, nenda kwenye ramani za nje ya mtandao, chagua eneo unalokwenda, pakua, basi. Ila ukishakuwa huna data itakupa njia ya gari tu, ya miguu haikupi, na ile ramani usipoisasisha muda mrefu inaisha yenyewe. Mimi kwa kutembea naona bora programu ya Organic Maps, imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo ya bila mtandao na inatumia ramani ya OpenStreetMap, ule mradi ulioanza 2004 ambao wanaochora wengi wao ni watu wa kujitolea.

Na hawa wanaotuma lokesheni wakiwa wamelala chumbani! Angalia hicho kidoti, kuna duara hafifu limekizunguka, likiwa kubwa maana yake simu inakisia tu, upo mahali fulani humo ndani ya duara. Ndani ya nyumba mawimbi yanafika yamechoka, kati ya magorofa yanagonga kuta na kurudi, simu inadanganyika inakuweka mtaa wa pili, halafu mgeni akitokea nyumba ya watu wengine analaumiwa yeye. Toka nje, subiri duara lisinyae ndio utume, au ibonyeze ramani kwa kidole pale pale getini utume hiyo pini, yaani alama inayotokea ulipobonyeza, badala ya ulipokaa wewe.

Ombi langu mhariri, ile kona yenu ya teknolojia kila mara ni simu mpya na kamera zake, siku moja tuwekeeni na hili hatua kwa hatua, tena na picha, kwa wale ambao simu wanayo ila hakuna aliyewaelekeza.

Msomaji wenu wa kila siku