Usinunue mbao kwanza

Nairobi, Julai

Kwako Mutua,

Salamu nyingi kutoka Umoja. Sisi wazima, ila baridi ya mwezi huu si ya mchezo. Watoto wanalala na soksi.

Ile orodha ya mbao za nyumba yako mpya, aliyokuandikia fundi wa Ruai, nimeipitia. Tafadhali usiende nayo Gikomba bado. Amepanga nguzo za ukuta kila inchi 16, desturi ya siku zote. Marekani, tangu miaka ya 1970, kuna mtindo wa kuzipanga kila inchi 24. Ukuta wako mrefu, ule wa futi 24, kwa hesabu yake unakula nguzo 19. Kwa mtindo huu ni 13, ukiacha za pembeni mwa madirisha.

Pesa utaokoa, lakini mimi naangalia baridi. Mbao hupitisha joto zaidi ya mara mbili ya pamba ya kioo yenye unene uleule, ile inayojazwa kati ya nguzo kuzuia joto. Kwa hiyo kila nguzo isiyo na kazi imekalia nafasi ya pamba, na joto la nyumba linatorokea hapo usiku kucha.

Pembe ndizo mbaya zaidi. Mafundi hubananisha mbao tatu au nne, katikati panabaki kishimo kitupu, na ubao wa nje ukishapigwa misumari hakuna mkono utakaofika humo. Mwambie aweke mbili tu, zikae kama herufi L, ili pamba iingizwe kutoka ndani. Jipsamu ya kufunika ukuta kwa ndani itashikiliwa na kipande chembamba cha ubao. Na zile kuta mbili za ncha zisizobeba paa, juu ya madirisha yake hakuna haja ya boriti nene. Ubao mmoja wa kulala unatosha.

Sharti ni moja, nalo halina mjadala: kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ikae juu ya nguzo yake, uzito ushuke moja kwa moja hadi msingi. Fundi atakwambia nyumba itayumba. Kinachozuia kuyumba ni plaiwudi ya nje au mbao za mshazari, si wingi wa nguzo. Nyumba yako haina ghorofa na mabati ni mepesi, kwa hiyo nguzo za inchi 4 kwa 2 zinaweza kufaa, lakini mhandisi aweke sahihi kwanza.

Ila pesa zikipungua, bana kwenye kuta, usiguse bajeti ya dari. Mabati matupu yatakuchoma saa nane mchana na kukugandisha alfajiri. Tandaza pamba juu ya dari, acha matundu ya hewa chini ya paa. Madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Jua la jioni likiingia kutoka magharibi hutakaa sebuleni.

Jumamosi nitakuja na tepu na chaki, tuchore nguzo na kenchi sakafuni fundi akiwepo. Mwambie asikate kitu. Halafu uliza bei ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, maana huko Ruai nimeona vichuguu.

Msalimie mama watoto.

Wako,
Otieno