Mwandishi wenu alitoka kabla kivuli hakijaketi

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma huu mwaka wa 19 na sijawahi kukuandikia, hata pale mlipochapa chemshabongo ileile wiki mbili mfululizo. Ila ile habari ya Jumapili kuhusu kikundi kidogo cha maigizo imenikwama kooni.

Mwandishi wenu anasema igizo lilikuwa "ubwege mtupu", halina kichwa wala miguu, na kwamba mwigizaji mmoja "alizidiwa akalala chini". Hakuzidiwa, Mhariri. Yule alikuwa kivuli. Alilala chini tangu pazia lilipofunguliwa, soksi zake nyeusi zimeshonwa kwenye viatu vya karani, na karani akipiga hatua naye anajiburuta nyuma. Baada ya dakika kama 20 kivuli kikagoma. Kikatoa barua ya kujiuzulu, kikaisoma kwa sauti, kikaanza kufumua nyuzi, uzi mmoja mmoja. Basi, hadithi ndiyo hiyo: mtu kaachwa na kivuli chake. Na miguu ilikuwepo tele.

Nayasema haya kwa kuwa nilikaa bega kwa bega na mwandishi wenu. Kitambulisho cha gazeti kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake, simu imemulika kidevu. Barua ya kujiuzulu ilipofika aya ya pili akainuka, akanikanyaga kidole gumba, akaenda zake bila hata samahani. Hakurudi. Muda si muda kivuli kikashuka jukwaani, kikapapasa gizani katikati ya viti kikitafuta pa kwenda, kikakuta kiti kimoja kitupu. Kiti chake! Kikaketi pale ubavuni mwangu, kinahema, kisigino cha soksi ya kushoto kimetiwa kiraka kwa uzi mweupe, na taa zote zikageuzwa kutumulika sisi. Karani akaja akapiga magoti mbele yetu akikibembeleza kirudi. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika, maana karani alikuwa analia kwelikweli na kivuli kimegeuza uso, kinanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niamue. Sikulala vizuri usiku ule. Sasa Jumapili nafungua gazeti nasoma kwamba "hatimaye karani alirejea kazini kwa furaha". Karani gani huyo? Kazini wapi? Igizo limeisha mtu yuko sakafuni anajaribu kulala chini kama kivuli chake mwenyewe, na aliyempeleka karani kazini kwa furaha ni bwana aliyekuwa nje akitafuta usafiri.

Halafu anamalizia: "ujumbe kwa jamii haukubainika." Ujumbe! Ugonjwa huu naujua unakoanzia. Unaanzia darasani, mwanafunzi anapopewa mwongozo kabla ya tamthilia, anakariri dhamira tano na sifa nne za mhusika mkuu, anafaulu mtihani na hajawahi kuona pazia likifunguliwa. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo miaka mingi, Mungu anisamehe, na huenda mwandishi wenu ni mmoja wa niliowaharibu.

Eti mtu wa kawaida haelewi mambo haya. Mwaka 1957 igizo la Samuel Beckett, la watu wawili wanaomngoja mtu asiyekuja, lilichezwa ndani ya gereza la San Quentin, Marekani, mbele ya wafungwa wapatao 1,400, na likawagusa. Mwongozo wa nini? Kungoja walikuwa wanakujua. Eti vikundi vya namna hii havidumu. Igizo la kwanza la Eugène Ionesco lilikosa watu lilipooneshwa Paris mwaka 1950. Mwaka 1957 likahamia ukumbi mdogo wa Huchette, usiofikisha hata viti 100, na limechezwa humo miongo na miongo, ilhali mwimbaji mwenye upara anayetajwa kwenye jina lake hajatokea jukwaani hata siku moja. Wala asituambie ni kuiga Ulaya. Tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1971, na humo Shetani na Binadamu wanakabiliana jukwaani kwa Kiswahili safi. Hilo neno "ubwege" nalo ni istilahi ya wahakiki wetu kwa tamthilia za aina hii, zinazovunja mantiki ya kawaida kwa makusudi. Yeye kaliokota akadhani ni tusi.

Sikuombi umfukuze. Kikundi kile kina waigizaji sita, taa zao wanazishika wenyewe, na onyesho la mwisho ni Jumamosi hii. Mpeleke tena. Tiketi nitamlipia mimi, kiti nitamchagulia mimi, na hakitakuwa cha pembeni: atakaa katikati kabisa ya safu, watu wanane kulia na wanane kushoto, wote wenye viatu vizito. Kile cha pembeni kiachwe kitupu. Kina mwenyewe.

Mwalimu mstaafu, safu ya tatu