Shosti, usiikate hiyo proposali vipande vitatu

Shosti wangu,

Mambo? Samahani barua yako imekaa kwangu wiki mbili bila jibu, sijakusahau, ni hii kazi ya maabara, ukishaanza kuotesha bakteria kwenye sahani ratiba yako wanaishika wao, wao ndo wanaamua ulale saa ngapi. Nimeisoma mara tatu. Ile sehemu unasema supavaiza kakwambia uchague kimoja, ama huduma kwa wateja dukani, ama teknolojia ya kilimo, ama maikrobaiolojia, alafu akakumalizia na mshika mbili moja humponyoka, dah, nilicheka, maana wewe umeshika tatu kabisa.

Mimi nasema usichague. Na sisemi ili kukufurahisha, unanijua. Nasema kwa sababu hicho kitu unachotaka kukichunguza, ile pakiti ya bakteria wa kupaka kwenye mbegu za mikunde ili mmea upate naitrojeni ya hewani, inayouzwa duka la pembejeo, yenyewe haijui iko idara gani. Inatoka kiwandani ikiwa hai, inapita mikononi mwa muuzaji, inaishia kwenye udongo, na inaweza kufa popote hapo katikati. Ukichukua kipande kimoja tu unaweza kumaliza utafiti mzuri, umepata na alama zako, na usijue imefia wapi.

Ngoja nikwambie kilichonitokea mimi. Tulinunua pakiti tatu za bakteria wa soya, Bradyrhizobium, ile poda nyeusi ya peti, yaani udongo wa mimea iliyooza, toka duka moja ambalo silitaji. Mbili alizitoa stoo ya nyuma, ya tatu ilikuwa dirishani, ile ya maonyesho, inapigwa jua sijui tangu lini. Zote toleo moja, tarehe ya mwisho ileile, ukizishika mkononi huoni tofauti, labda ya dirishani karatasi imepauka kidogo kwenye pembe. Nikazizimua kama kawaida, gramu 10 kwenye mililita 90 za maji yaliyotakaswa, unatikisa mpaka mkono unauma, mililita 1 kwenye 9, tena 1 kwenye 9, mpaka umezimua mara milioni, alafu unadondosha mililita 0.1 kwenye sahani yenye agari, ile jeli ya kuwalishia bakteria, na kuisambaza na kile kifimbo cha kioo. Inkubeta nyuzi 28. Alafu unasubiri, na hawa jamaa ni wavivu balaa, siku 7 mpaka 10, wakati E. coli, wale bakteria wa utumboni, usiku mmoja tu kashajaza sahani nzima.

Siku ya 8 nikafungua. Sahani za stoo zina vijitone vyeupe vinang'aa kama mate ya mtoto, vizuri kabisa. Ya dirishani tupu. Nikajua nimekosea pipeti, nikarudia yote upya, siku 8 zingine, tupu tena. Ikabidi nirudi mpaka mzimuo wa mara elfu ndo nikapata vichache, na kati ya hivyo vichache vingine vilikuwa vyekundu. Kama hujawahi kuitumia hii agari, inatengenezwa kwa chachu na manitoli, alafu tunaweka rangi inaitwa Congo red, rizobia, yaani hawa bakteria wetu wa mikunde, hawainywi sana kwa hiyo koloni zao zinabaki nyeupe, wavamizi ndo wanaibugia wanakuwa wekundu. Yaani ile pakiti haikuwa tupu, ilishapata wapangaji wengine.

Hesabu yenyewe si ngumu, usiogope. Sahani inayohesabika ni ile yenye koloni kati ya 30 na 300, chini ya hapo unabahatisha, juu ya hapo zinapandana. Unageuza sahani, unaweka nukta ya kalamu nyuma ya kila koloni ili usihesabu moja mara mbili. Chukulia umepata 84 kwenye mzimuo wa mara milioni, na uliweka mililita 0.1, basi ni 84 mara 10 mara milioni, milioni 840 kwa gramu. Kiwango kinachotajwa sana kwa pakiti nzuri ya peti ikitoka kiwandani ni bilioni 1 kwa gramu, kwa hiyo hapo uko karibu. Ila kumbuka bakteria wawili waliogandana wanatoa koloni moja, na kuna walio hai ila wamegoma kuota. Mwaka 1985 wanasayansi Staley na Konopka waliandika juu ya hilo pengo, unachokiona kwa hadubini na kinachoota kwenye sahani ni vitu viwili, kwenye udongo kinachoota mara nyingi ni kama asilimia 1 tu. Kwa pakiti ya bakteria mmoja anayejulikana pengo si kubwa hivyo, ila supavaiza wako akikuuliza usikae kimya.

Sasa huduma kwa wateja. Muuzaji wa lile duka ni mtu mzuri sana, na hapa ndo napotaka unisikilize. Alitusalimia, alituuliza tumetoka mbali, kaunta safi, foleni hakuna, chenji kahesabu mbele yetu. Ukimpeleka na lile dodoso lako la SERVQUAL, la kupima ubora wa huduma, la Parasuraman, Zeithaml na Berry la mwaka 1988, maswali 22, nguzo tano, huyu anapata alama za juu zote. Nguzo mojawapo ni vitu vinavyoonekana, yaani duka lilivyo, bidhaa zilivyopangwa, kunavutia au hakuvutii. Sasa fikiria, ile pakiti kuwekwa dirishani ndo inampa alama kwenye hiyo nguzo, na hiyohiyo dirisha ndo imewaua bakteria. Dodoso linampongeza kwa kitu kilichoharibu mzigo! Mimi nilivyogundua hilo nilikaa chini kabisa.

Utasema kuna nguzo ya kutegemewa, mteja ataona bidhaa haifanyi kazi atampa sifuri. Ataonaje? Kuna bidhaa unaijua ubora wake kwa kuitazama, nyingine mpaka uitumie, na kuna aina ya tatu ambayo Darby na Karni waliieleza mwaka 1973, hata ukishaitumia hujui. Hii yetu ndo hiyo ya tatu. Mtu kapaka mbegu, kapanda, wiki zimepita, majani yamekuwa kijani, labda ni pakiti, labda ni bakteria waliokuwemo kwenye udongo wake toka zamani, labda ni mvua tu. Yakiwa ya njano je? Labda fosforasi haitoshi, labda maji yalituama, labda pakiti ilikufa. Hakuna mtu anarudi dukani kusema bakteria wenu walikuwa wafu. Atalaumu mbegu au ataacha kununua kimyakimya, na daftari la malalamiko litabaki jeupe, na mwenye duka ataamini kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo usiwaulize wateja kama wameridhika. Au waulize, sawa, ila isiwe ndo nguzo ya kazi yako. (Na ukiwauliza jiandae na wale wanaoweka tiki kwenye 4 toka juu mpaka chini kama wanashona nguo, nilikuwa nazipata nyingi, hao hata maswali hawajasoma.) Wewe sikiliza nini kinasemwa pale kaunta. Je, muuzaji kauliza zao gani linapandwa? Maana bakteria wa soya ukimpaka kwenye zao lingine la jamii ya mikunde mara nyingi anakaa tu hafanyi kitu. Je, kasema pakiti ikae kivulini pasipo joto? Kasema usichanganye na mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu bila kusoma maelekezo? Kasema ukishapaka panda siku hiyohiyo na mbegu isianikwe juani? Kasema usimwage mbolea nyingi ya naitrojeni, maana mmea ukishashibishwa haujishughulishi kutengeneza vinundu, vile vivimbe vya mizizini wanamokaa bakteria? Hayo yote dakika moja na nusu hayafiki. Nenda kama mteja wa siri, ila mwenye duka awe amekubali kabla kwamba siku moja mtakuja, usije ukanaswa na kamati ya maadili, kisha toka nje uweke alama, kasema, hajasema. Na hapohapo nunua pakiti toka rafu ileile, iweke kwenye kiboksi cha baridi, nilete mimi niioteshe.

Umeona? Kila duka linakupa namba tatu, maneno yaliyosemwa, bakteria walio hai, na mteja kuridhika. Nina wasiwasi hiyo ya tatu haitafuatana na hizo mbili kabisa, na hilo peke yake ni sura nzima ya tasnifu yako.

Teknolojia usiifanye kubwa kuliko inavyotakiwa, nimeona umeandika setilaiti, droni, apu, yaani shosti punguza. Unachohitaji ni kirekodi joto, kile cha ukubwa wa kifungo cha shati, kinaandika joto kila dakika 15 wiki nzima, unakiacha kwenye rafu, kingine dirishani, kingine stoo. Mimi cha kwanza nilikibandika kwa selotepu kwenye fremu ya dirisha, ya chuma, nikaja kupakua data nikashangaa joto linaruka kama linakimbizwa, kumbe nilikuwa napima chuma na si pakiti. Wiki nzima nikaitupa. Sasa hivi nachukua pakiti ya zamani, naacha peti ileile ndani, nakizika kirekodi katikati, nafunga, nakiweka pembeni ya pakiti nyingine. Hapo kinasikia joto kama wanavyolisikia wao.

Setilaiti nakuelewa, picha za Sentinel-2 ni za bure, mbili zikipita zamu unapata picha kila siku 5, na kile kipimo cha ukijani, NDVI, kinakupa rangi nzuri za kuweka kwenye slaidi. Ila pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10, vitalu vyako vya majaribio vingine ni vidogo kuliko hiyo pikseli, na tena kinaona kijani, hakijui naitrojeni imetoka kwenye mbolea au kwenye hewa. Chukua koleo. Mimea ikianza kutoa maua chimbua michache, usiing'oe kwa kuvuta, vinundu vinabaki ardhini alafu unaandika sifuri ya uongo. Osha mizizi taratibu kwenye ndoo, chukua kinundu, kikate kwa wembe. Ndani kikiwa cha pinki mpaka wekundu, kinafanya kazi, hiyo rangi ni lehimoglobini, ndugu yake na ile ya damu yetu kabisa, inapunguza oksijeni isiwasumbue bakteria. Kikiwa cheupe hakijaanza au hakifai, cha kijani kimechoka. Hellriegel alitangaza mwaka 1886 kwamba mikunde inapata naitrojeni ya hewani kupitia vinundu, Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe mwaka 1888, na 1896 Nobbe na Hiltner wakawa na hataza ya kuwauza. Kutoka kuwajua mpaka kuwauza dukani ni miaka 8 tu, ila kuwafikisha kwa mkulima wakiwa hai bado tunahangaika nako.

Shambani weka vitalu vya aina tatu, bila kitu, na bakteria, na mbolea ya naitrojeni, vipangwe kwa bahati nasibu, si kwa macho. Hivyo visivyo na kitu ndo vitakwambia bakteria wa kienyeji wapo au hawapo, ukiviruka huna kesi.

Kitu kimoja kitakachokuumiza ni idadi. Pakiti 10 toka duka moja si maduka 10, ni duka moja ulilolitazama mara 10. Mwanaikolojia Hurlbert aliwasema watu kwa kosa hili mwaka 1984 na mpaka leo linafanyika, mimi mwenyewe nililifanya kwenye ripoti yangu ya kwanza, mkaguzi akaizungushia kwa kalamu nyekundu meza tatu nzima. Bora maduka 30 pakiti mbilimbili kuliko maduka 6 pakiti kumikumi.

Kwa supavaiza usiende na maneno yangu yote haya, atachoka. Mwambie tu swali ni moja, pakiti inafia wapi na nani aliyekuwa na nafasi ya kuizuia isife. Akisema hilo ni swali la maikrobaiolojia, mwambie sawa. Akisema ni la huduma kwa wateja, mwambie sawa pia. Akiuliza nani ataotesha sahani 60 na zaidi, ndo umtajie mimi, ila umtajie na kwamba nahitaji siku 10 kwa kila mzigo na sifanyi kazi Jumapili.

Kirekodi kimoja nakutumia na barua hii, nimekifunga kwenye pamba. Betri ni mpya. Jaribu nacho nyumbani kwanza kabla hujaenda dukani, na tafadhali usikibandike kwenye chuma.

Niache hapa, kuna sahani zimefika siku ya 8 leo na bado sijazifungua.

Wako,
yule yule wa maabara