Kabla Hujajenga Nakuru

Lanet, Nakuru

Mwalimu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto huko Kisumu. Barua yako niliipata, na kwa kuwa umeniuliza kama ni busara kukizika kiinua mgongo chako katika nyumba za kupangisha hapa Nakuru, sitakuficha ninaloliona.

Unasema kwamba Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021 na watu wanazidi, kwa hiyo nyumba kubwa za familia hazitakosa wapangaji. Ni kweli watu wanazidi: sensa ya 2009 ilikuta watu milioni 1.6 katika kaunti hii, na ile ya 2019 ikakuta milioni 2.16. Hata hivyo, kinachokua upesi zaidi ni idadi ya kaya. Katika nchi nzima, baina ya sensa hizo mbili, watu waliongezeka kwa asilimia 23 hivi, ilhali kaya zilitoka karibu milioni 8.8 zikafika milioni 12.1, yaani ongezeko la takribani asilimia 38. Kijana ambaye zamani angekaa kwa mjomba wake mpaka aoe, siku hizi anapanga chumba chake mwenyewe, na huyo ndiye atakayekubishia hodi, wala si baba wa watoto watano.

Jirani yangu amelielewa jambo hili. Pale alipokuwa akipanda mahindi sasa pana ghorofa ya vyumba vya mtu mmoja mmoja, na kando ya lango, ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli, mita za stima zimepangwa safu juu ya safu, kila moja ikiwa na nambari ya mlango iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Usidhani ni mapambo. Kwa bei zilizoanza kutumika 2023, mteja wa nyumbani asiyepitisha uniti 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini kabisa, na anayepita 100 hutozwa ya juu. Wapangaji kumi wakichangia mita moja wote hupandishwa bei, kisha ugomvi wa nani ana jiko la stima unaletwa kwa mwenye nyumba. Tenga fedha za mita tangu mwanzo.

Wala usitarajie kwamba stima itakuwa rahisi kwetu kwa sababu inazalishwa kaunti hii. Mvuke wa Olkaria, kule Naivasha, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981, na siku hizi mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya theluthi moja ya umeme wa nchi. Lakini umeme huo huingia katika gridi ya taifa, na sisi tunaoishi karibu na visima vya mvuke hulipa bei ile ile mnayolipa ninyi kando ya ziwa. (Jambo hili huniudhi, ingawa nikifikiria kwamba nasi tunatumia umeme wa mabwawa ya kwingine naona ndiyo haki.)

Tunachopata bila mgao ni udongo wenyewe. Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkano na mipasuko ya Bonde la Ufa, na mvua ikizidi, nyufa hufunguka ardhini, hasa upande wa magharibi wa mji. Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi yeyote, mlipe mhandisi apime udongo, hata kama anayekuuzia ploti atakucheka.

Kuhusu nyumba za bei nafuu ambazo serikali inajenga ili watu wazinunue, na ambazo wewe mwenyewe unazichangia kwa asilimia 1.5 ya mshahara wako, sioni zikikunyang'anya wapangaji hivi karibuni, kwa maana anayetafuta kununua si yule anayetafuta chumba cha kupanga mwisho wa mwezi.

Nitumie nambari ya hatimiliki ya hiyo ploti. Nitaipeleka ofisi ya ardhi nithibitishe jina la mwenyewe, na mpaka nikujibu, usitoe hata shilingi ya arubuni.

Ni mimi rafiki yako,
wa Lanet